Utani Mlangoni mwa Meli

Siku hizi ukitimiza miaka kumi na minane, mashine huandika kila unachotamka, na hakifutiki. Mimi nilikuwa na siku mbili za utu uzima nilipompeleka mama kwenye meli ya watalii.

"Huyu ni nani wako?" mlango ukauliza.

Nyuma yangu wasichana walikuwa wakilicheka begi lake la shangazi-kaja. Nikatania, "Dada wa kazi."

Mlango ukamkabidhi mama aproni.

"Mama, nilikuwa natania!"

"Najua, Sudi. Wewe ulianza utani kabla ya kutembea."

Kesho yake alikuja mezani kwangu na trei. Nikainuka kumpokea.

"Kaa, bosi," akanong'ona. "Ukinisaidia, wataniandika mvivu."

Nikakaa. Juisi alikuwa ameitia sukari kama ninavyopenda.