Msuli Uliokataa Kuachia

"Kwani hata kukojoa siku hizi kunapimwa kwa mtambo?" jirani yangu Radojka aliwahi kuniuliza. Nilimkumbuka nilipokaa hospitalini kwenye kiti chenye tundu, mpira wa mkojo ndani ya kibofu, mistari ikirukaruka kwenye kioo cha mtambo.

"Achia mkojo, bibi!" daktari akaniamuru.

"Siwezi, mwanangu."

Daktari alishusha pumzi. "Kibofu kinasukuma, msuli wa chini unabana. Hii si kawaida. Utaishi na mpira huu mpaka kufa."

"Msuli hauumwi. Naubana mwenyewe."

"Kwa nini, jamani?"

"Marehemu mume wangu hakuwahi kuniona nikikojoa, sembuse Mtakatifu Nikola?"

Nikamwonyesha kwa kidevu picha ya mtakatifu huyo ukutani, macho yake yakinitazama.

Daktari akafanya ishara ya msalaba, akaitungua, akatoka nayo.