Mlango Mpya wa Siwatu

Milango ya nje ya siku hizi haina funguo. Hufunguka mwenye nyumba akimtaka anayebisha hodi. Asipomtaka, hata ukiusukuma mlango kwa bega utaumia bure.

Fundi Kibwana alikaza bawaba ya mwisho, akamwambia Siwatu abandike kiganja kwenye ubao wa mninga ili mlango umzoee.

"Haya bibie, moyo wako ndio kitasa. Ukinuna na jirani, usinipigie simu mimi!"

Siwatu akacheka, huku akichungulia njiani. Mgeni wa kwanza angekuwa mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, na majirani walishajaa barazani kutazama. Mlango ukigoma, uso atauficha wapi?

"Hodi humu ndani!"

Hata hajamaliza, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Vigelegele vikapasuka.

"Jamani, kumbe napendwa!" Bi Mwanaidi akatupa mkoba, wakakumbatiana na kuyumba kwa kicheko na machozi. "Njia nzima nilikuwa naomba dua, mwanangu."

"Hata mimi, mama."

Pilau likipakuliwa, mumewe Shaweji akafika na kreti ya soda begani.

"Hodi, mke wangu! Soda zinapata moto!"

Mlango ukatulia. Shaweji akabisha tena. Ndipo ukafunguka taratibu, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.

"Mbao mbichi hubana," alisema Bi Mwanaidi, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Siwatu naye alicheka, akaenda kumpokea. Alipopita aliugusa ule ubao. Ulikuwa mkavu kau.