Tutabanana Hapa Hapa

Katika mtaa wa nyumba zilizochapwa kwa mashine, neno la sebuleni lilihesabika kama mkataba, na kuta zililitii papo hapo. Zilizosogea hazikurudi. Zuwena aliijua sheria hiyo, lakini malezi ni malezi. Wifi yake Mwanahawa alipofika na begi, akasita mlangoni na kuuliza, "Wifi, nafasi mnayo kweli?" ulimi ukamponyoka Zuwena.

"Pita ndani, bwana, tutabanana hapa hapa!"

Kabla chai haijachemka, ukuta ulikuwa umeshasogea hatua mbili na magoti yao yanagusana. Upande wa pili, kwenye nafasi iliyoachwa na ukuta, familia ngeni ilikuwa ikipanga masufuria.

"Jirani!" sauti ya mwanamke ikapenya ukutani. "Samahani jamani, tumewabana?"

Zuwena akauma ulimi, akamwekea wifi yake kiganja mdomoni. Kimya kikawa kirefu, cha aibu. Mwanahawa, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, hakukistahimili. Akakiondoa kile kiganja.

"Wala, jirani!" akaitikia kwa bashasha. "Hapa ni kwenu!"

Ukuta ukaguna, ukasogea tena. Zuwena akanyanyua birika la moto, akatazama huku na huku, asione pa kuliweka.