Kufuli la Kopo la Sukari

Ngolo alilifunga kopo la sukari kwa kufuli la shaba, akautia ufunguo katika uzi ule ule wa shingoni uliobeba hirizi yake ya ngoma, kisha akamhutubia mkewe.

"Kuanzia leo nyumba hii haina chai ya sukari, haina mafuta ya kupikia, na sabuni ni Jumamosi tu. Mpaka deni la Fabiani liishe."

Minza hakuinua uso kutoka kwenye chungu. "Na nyama?"

"Nyama ndiyo iliyotuponza."

Hapo alisema kweli, ijapokuwa hakuisema yote. Katika mavuno ya mwaka 1993, Ngolo, kiongozi wa kikundi cha ngoma, alichukua kwa mkopo ng'ombe wanne wa Fabiani, mchinjaji wa soko la Majimoto, akawalisha wageni siku tatu ili wamshangilie katika mashindano. Wageni walikula, wakafuta midomo, wakaenda kumshangilia mpinzani wake. Fabiani akampa miaka mitatu: arudishe ng'ombe wanne, au atoe shamba la mpunga.

Midomo ya kulishwa nyumbani ilikuwa miwili tu, kwani katika miaka tisa ya ndoa Mwenyezi Mungu hakuwajaalia mtoto. Hata hivyo Ngolo aliisimamia sheria yake kwa bidii ya mtu aliyesilimu juzi. Alihesabu vijiti vya kiberiti. Alipima unga kwa kikombe, tena akakisawazisha kwa kidole. Alipokwisha kuhesabu na kupima, alijikung'uta vumbi, akaenda zake hotelini sokoni kunywa chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, na maandazi mawili pembeni. Maana kiongozi, alisema, hapaswi kuonekana mnyonge mbele za watu.

"Mkeo anasemaje juu ya hizo amri zako?" wenzake walimwuliza.

"Nyie wake zenu wananung'unika. Wangu amenyooka." Akalamba kijiko. "Tena na watu wa kwao wana adabu. Mara mbili alikimbilia kwa baba yake, mara mbili mzee akamrudisha kesho yake, kwa mkono wake mwenyewe. Zizi lao tupu, lakini adabu tele!"

Wakacheka, naye akalipiwa andazi la tatu.

Kweli Minza hakunung'unika. Zaidi ya hayo, alimpita mwalimu wake. Ngolo alipokataza sukari, yeye aliacha na chai yenyewe. Ngolo alipopunguza sabuni, yeye alifulia majivu. Kanga hakununua hata moja, na alizokuwa nazo alizitia viraka hata haikujulikana tena kanga ni ipi na kiraka ni kipi. Alikwenda kwao Ikola kuchukua dagaa, akaja kuwauza Majimoto. Faida ikanunua mbuzi, mbuzi wakazaa, mbuzi wakabadilishwa kwa ndama. Ng'ombe alimwachia Malale, kaka yake, awachunge huko huko Ikola.

"Kwa nini wasikae hapa nikawaona?" Ngolo aliuliza.

"Wakikaa hapa, wageni wako watasikia harufu."

Ngolo alicheka mpaka hirizi ikaruka kifuani. Naam, mke mwenye akili ni pambo la mume.

Jambo moja tu lilimshangaza. Mwaka wa tatu Minza aliwauza majike wawili wazuri ili anunue madume.

"Wewe nawe! Fabiani ni mchinjaji. Jike au dume, kwake yote nyama."

"Nataka madume wawili," alisema Minza. "Majike wanatosha."

"Kwani unamwoza Fabiani?"

Minza alitabasamu, na kwa kuwa ilikuwa siku nyingi hajatabasamu, Ngolo aliliacha jambo lile.

Muda ulipotimia, Minza aliosha vyungu vyote, akafagia uwanja, akakunja nguo zake chache katika kitambaa, akaenda Ikola kuwafuata ng'ombe. Ngolo naye alivaa koti, akamwita Fabiani, akawaita majirani, akawaita hata wale wageni waliomshangilia mpinzani. Alitaka deni lilipwe machoni pa watu.

Siku ya tano vumbi liliinuka njiani. Malale alitangulia na fimbo, na wazee wawili wa ukoo wao wakifuata nyuma. Ngolo hakungoja salamu. Alisimama juu ya kigoda akahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, wanne. Na ng'ombe wakawa bado wanaingia.

"Saba!" alipaza sauti. "Fabiani, chukua wanne wako! Watatu ni wangu! Mmeona, nyie, mtu akijua kuendesha nyumba?"

Majirani walipiga makofi. Fabiani alikwisha kufungua kamba yake.

"Mwangaluka, shemeji," Malale alimsalimu. "Umewahesabu?"

"Nimewahesabu! Saba!"

"Rudia, wazee wetu hawa wasikie. Majike wangapi, madume wangapi?"

"Majike watano, madume wawili! Wote wazima!" Ngolo aliangaza macho nyuma ya ng'ombe. "Na Minza yuko wapi? Aje aone watu wanavyomsifu mumewe."

Malale aliwatazama wazee wake, nao wakaitikia kwa kichwa.

"Majike watano, madume wawili," alisema, "kama ulivyowaleta kwa baba ulipomwoa. Mashahidi mmesikia kwa kinywa chake mwenyewe, mahari imerudi yote."

Kisha akatoa mfukoni kilo moja ya sukari, akaiweka juu ya kigoda, miguuni pa Ngolo.