Mtazamaji Ajue, Mhusika Asijue

"Usimeze!" Mama alipiga kelele, akamnyang'anya mwalimu wa hesabu kipande cha keki kikiwa kimeshafika mdomoni.

Ukumbi mzima wa sinema ukamgeukia.

"Kina unywele," alisema, jasho likimtiririka.

Unywele wa nini! Ndani ya keki ile mlikuwa na pete ya uchumba, na kwa jinsi Mama alivyoambiwa, hakuna mwingine aliyejua.

Mchana huo wapenzi wa sinema walikuwa wakimkumbuka yule bingwa wa filamu za taharuki, marehemu wa miaka mingi, ambaye mpaka leo watu wakitazama kazi zake huchungulia chini ya kitanda kabla ya kulala. Mama ameuza tiketi za filamu hizo tangu usichana wake. Binti yake, aliyemlea peke yake na ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa sinema, alikulia kwenye viti vya ukumbi huo, na kanuni ya bingwa aliiimba kabla hajajua kusoma: mtazamaji ajue, mhusika asijue.

Basi asubuhi mpenzi wa binti, mpiga picha mmoja mwenye haya nyingi, alimvuta Mama kando ya dirisha la tiketi.

"Mama, leo mtu anachumbiwa hapa. Pete iko ndani ya keki. Nakuomba, siri."

"Ee Mungu wangu! Ndiyo maana juzi ulinipima kidole!"

"Si ulisema vidole vyenu, wewe na binti, vinalingana? Lakini naogopa. Bwana mwenyewe hana mali. Mwanamke atakubali kweli?"

"Akipenda, chongo ataita kengeza, mwanangu. Na akisitasita, mimi mwenyewe nitamsukuma!"

Alimkumbatia kijana mpaka kamera ikamchoma mbavu. Miaka yote ameomba kumwona binti yake akipata wa kwake, na leo ndiyo leo.

Sasa keki imekatwa, na binti anaigawa ovyo kama anayelisha kuku! Mama akawa nyuma yake na uma, akitoboa sahani za watu mmoja mmoja.

"Naonja tu, jamani. Naonja."

"Mama, una nini leo?" binti aliuliza huku akiuma midomo asicheke.

"Njaa!"

Alimkuta Fundi amesimama mlangoni. Huyu ndiye anayeendesha mashine ya filamu kule juu, tangu kabla hajafiwa na mkewe. Leo ameshuka, shati limenyooshwa mpaka linasimama lenyewe, wala keki hagusi.

"Fundi, huli?"

"Koo limekauka, dada yangu. Hata maji hayapiti."

Afadhali, Mama aliwaza, mdomo mmoja umepungua. Akaendelea kutoboa.

Mara binti akachukua kipande cha mwisho kilichobaki mezani. Akakiuma. Mama alishika kifua. Binti akatafuna, akameza, akajifuta midomo taratibu.

"Imekwenda tumboni!" Mama alilia.

"Nini imekwenda?"

"Pete, mwanangu! Pete yako ya uchumba! Na wewe mpiga picha umesimama tu hapo, mwite daktari!"

Mpiga picha alikuwa ameinamia kamera, mabega yanamtikisika. Mama alitamani kumpiga kiatu.

"Kaa kwanza, Mama," binti alisema, akitoa sahani nyuma ya dirisha la tiketi. "Nilikuwekea chako. Kula utulie."

"Nitulie vipi!" Kwa hasira akakitia kipande chote mdomoni.

Jino likagonga kitu kigumu.

Alipokitema kiganjani na kuinua macho, watu wote walikuwa wamekwisha kukaa vitini, wakimtazama yeye, na mbele yake Fundi alikuwa amepiga goti.

"Jibu upesi," alinong'ona. "Goti lenyewe bovu."