Shahada na Matumbo

Lusweti alijitosa nyuma ya pipa la matumbo, akapiga magoti kwenye utelezi na kuziba pua kwa tai.

"Umeiba?" mama yake, Nalianya, aliuliza huku akikoroga supu.

"Kuna msichana ananifuata. Akiniulizia, mama, hunijui."

Wiki iliyopita serikali ilikuwa imefunga chuo kikuu, na kila mwanafunzi akaamriwa kurudi kwao na kutia sahihi kwa chifu wa mtaa wake. Ndivyo mheshimiwa Lusweti, mwaka wa pili, shahada ya biashara, alivyorejea Kariobangi, penye kibanda cha supu cha mama yake, ambacho Jecinta hakupaswa kukijua hata ndotoni.

Yeye na Jecinta walisoma darasa moja. Vidole vyake vilinukia ndimu hata siku ya mtihani. Darasani walifundishwa kuipamba bidhaa kabla ya kuiuza, na Lusweti, mwanafunzi msikivu, akajipamba mwenyewe: kwao ni Lavington kwa matajiri, mama husafirisha nyama ng'ambo. Jecinta alikuwa karibu kukubali uchumba.

Na leo asubuhi, alipofika kwa chifu, alimwona Jecinta kwenye foleni, amempa mgongo. Amekuja kunichunguza, Lusweti aliwaza, akatimua mbio kabla msichana hajageuka.

Sasa utumbo wa ng'ombe ulining'inia ukingoni mwa pipa, ukimdondoshea maji ya kijani kwenye kola. Nzi walihama kutoka kwenye matumbo wakatua usoni pake, bila kuona tofauti. Akaikaza tai puani.

"Unaona kinyaa na ndiyo yaliyokusomesha," Nalianya alisema. "Yule msichana mpya anayeniletea matumbo kutoka kichinjioni haoni kinyaa. Anayaosha yakang'aa, na ana adabu. Nilitaka umwone."

Lusweti alijibu kupitia tai kwamba afadhali aoe mbuzi. Mtu anayeshinda akikamua mavi ya ng'ombe kwa mikono yake asithubutu hata kugusa shati lake. Akatema mate kando, kwa heshima zote za kitivo chake.

Mlangoni, ndoo nzito ilituliwa chini. Maji yakamwagika hadi magotini pake.

"Nisamehe kwa kuchelewa, Mama Supu," ilisema sauti aliyoijua vizuri. "Nilipitia kwa chifu kutia sahihi. Una kipande cha ndimu ninawe mikono?"