Kifaranga Hakupona

Du! Du! Du! Ukungu haujainuka, na tayari kijiji kizima kilisikia mchi wa Mwantumu ukipiga kinu. Kisha ikaja sauti yake, nzito, ikifuata mapigo:

Kuku niliyemlea, pumba zangu akadona,
Mwewe alimpokea, kifaranga hakupona.

Nyumba ya pili, Hilaria alimziba mtoto wake masikio.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wa bondeni walipangwa kwa mistari kando ya barabara ya Handeni, nyumba kwa nyumba, hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Mdoe, mume wa Mwantumu, alikataa kuacha shamba la babu yake. Alijificha ndani ya dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kufukuzia nyani, na mkewe akawa anampelekea chakula kabla ya jua. Bondeni kulikuwa na madungu zaidi ya ishirini. Alfajiri moja mgambo walichoma moja tu, na Mdoe alikuwa amelala ndani.

"Hatukujua kama yumo mtu," Semboja, kiongozi wa mgambo, alisema kaburini huku machozi yakimtoka.

Alikuwa na bunduki, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza zaidi. Watu waliulizana jambo jingine: nani alimwonyesha?

Mwantumu hakumtaja mtu. Alikaa eda, akatwanga, akaimba. Wazee waliponung'unika kwamba mjane haimbi, Bi Mwaija, mama wa marehemu Mdoe, aliwakata kauli. "Mwacheni. Uchungu wake hauna mdomo mwingine."

Fumbo halina jina, kwa hiyo halina kesi wala shahidi. Kila anayelisikia hulipeleka anakotaka. Wanawake walilipeleka kwa Hilaria. Huyo alikuwa mtu wa kuja, amezaliwa kambi ya mkonge, na mumewe Valerian alifanya kazi Hale, akionekana mwisho wa mwezi tu. Na kuku wa kulelewa ni nani kama si yeye? Mwantumu ndiye aliyempa mbegu, akamwazima kinu, akamgawia pumba. Tena kibanda chake cha wakati ule kilikuwa njiani, palepale pa kuteremkia bondeni.

Kisimani walimwaga ndoo yake.

"Aa, samahani mwenzangu," alisema Tatu. "Nilidhani ni maji ya mwewe."

Kicheko kikafuata. Siku hiyohiyo Hilaria alikwenda kuomba kijinga cha moto, akarudi na mikono mitupu.

"Si ajibu basi, kama hana kosa!" Bi Mwaija aliwaambia wenzake kisimani.

"Akijibu, amelivaa," alisema Tatu.

"Na akinyamaza?"

"Amekiri."

Wakajitwisha ndoo zao, wakaondoka wakitingisha viuno kwa mapigo ya ule wimbo.

Semboja alipita mara mojamoja. Hakuvuka kizingiti cha mjane. Aliacha kifurushi cha sukari juu ya kisiki, akainamisha kichwa, akaenda zake. Hata waliomchukia walimsifu kwa adabu.

Mwezi wa nne mtoto wa Hilaria alishikwa na homa. Hilaria alibisha mlango wa kwanza, wa pili, wa tano, akitafuta wa kumsindikiza zahanati, maana njia ilikuwa ndefu na mto umejaa. "Muulize mwewe," alijibiwa kutoka ndani. Alikwenda peke yake. Jioni alirudi na mgongo umelowa na mtoto amekuwa mzito.

Wakamzika mtoto bila mama yake kushikwa mkono na mwanamke hata mmoja.

Kesho yake, ukungu haujainuka: du! du! du! Kifaranga hakupona.

Hilaria alitoka na udongo wa kaburi ungali kwenye kucha. Alipiga magoti mbele ya kinu, kati ya wanawake waliokuja kusaidia kutwanga.

"Dada Mwantumu, inatosha. Nilikuona ukipita alfajiri ile. Sijamwambia mtu. Wala sitamwambia."

Mchi ulisimama hewani.

"Amejibu!" Tatu alipiga kelele. "Amelivaa mwenyewe!"

Bi Mwaija alipiga kigelegele, kikali kama kisu, kisha akaokota bua la mtama. Hilaria alichapwa nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa mstari, akaachwa aifuate barabara kuelekea Hale kwa miguu, bila kanga ya pili. Mwantumu hakumgusa. Alisimama akishika mchi wake, na watu wakamwonea huruma.

Ijumaa eda ilikwisha. Bi Mwaija mwenyewe alimwogesha mkwewe, akampaka mafuta, akamfunga kanga mpya.

"Umemlilia mwanangu vizuri," alimwambia. "Mungu akulipe."

Bi Mwaija alipokwisha kwenda, Semboja alikuja. Safari hii alivuka kizingiti.

"Yule mwanamke ameondoka?"

"Ameondoka. Na hata akisema, nani atamsikiliza?"

Mwantumu aliegemeza mchi ukutani, akamtazama usoni.

"Alfajiri ile nilipokuongoza mpaka dunguni nilikuahidi, na leo nakuahidi tena, Semboja: mwezi ukiandama, mimi ni mkeo."